Mkalimani wa Matangazo

Kwingine kote tangazo likianza watu hutoka kwenda kukojoa. Kwangu Koboko, tangazo likianza, waliokuwa nje wakikojoa walirudi mbio, wengine na vifungo wazi. Muulize yeyote aliyekalia mabenchi yangu ya mikalitusi miaka ile. Akiwa mkweli atakwambia kwamba filamu tuliivumilia tu. Kilichowaleta watu kwenye banda langu la video ni yule bwana aliyesimama kando ya televisheni, mikono nyuma kama yuko kwenye gwaride, akatueleza wimbo wa tangazo unasema nini.

Tulimwita Mkalimani. Jina lake ninalo, na silitaji, kwa kuwa limeshachezewa vya kutosha na watu wasiolistahili, nami nikiwa mstari wa mbele.

Niseme mapema msije mkaniona nawazungusha: mtu huyu alitaka kunioa. Nilikuwa mjane, nina televisheni, deki na jenereta, mali aliyoniachia marehemu baada ya sisi kurudi kutoka Zaire, na wanaume waliokuja kunitaka walikuwa wakiisalimu jenereta kwanza, mimi baadaye. Mkalimani yeye hakuwahi hata kuuliza inakunywa petroli kiasi gani. Alipeleka neno kwa shangazi yangu kwa heshima zote, nami nikamwambia shangazi asubiri, mfungo ukiisha nitatoa jibu. Jibu lenyewe nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa karibu kabisa kusema ndiyo. Likumbukeni hilo wakati namcheka, maana nitamcheka sana, na mambo ya kuchekwa alikuwa nayo tele.

Kanda zetu zilitoka Arua, na Arua zilifika kutoka mji mkuu, ambako mtu alizinasa moja kwa moja kwenye televisheni, matangazo yakiwa ndani. Jambazi amenyooshewa bunduki, kidole kiko pale pale, mara unamwona msichana anaoga. Anaoga huku anaimbiwa. Ukimngoja jambazi afe, unaonyeshwa kwanza rangi ya nyumba, dawa ya mbu na biskuti. Na nyimbo zenyewe, jamani. Msidhani shida ilikuwa lugha. Mimi ni mtoto wa kambini, baba alikuwa askari, shule nimesoma, Kiingereza kilikuwepo. Walikuwepo pia walimu wawili waliokuja kila Jumamosi na kukaa mbele ili waonekane. Tulisikia kila neno, wazi kabisa. Maneno tuliyajua moja moja, na yakiwekwa pamoja hatukuambulia kitu. Ule wa sabuni ya kuogea ulisema hivi: nipitishe juu, nipitishe chini, mpaka Jumatatu iliyo machoni mwako. Sasa niambieni. Jumatatu gani hiyo, na imefikaje machoni mwa mtu anayeoga?

Mkalimani alivaa miwani. Alikuwa akivaa miwani ili asikie, haki ya Mungu. Wimbo ukianza anaivaa, ukiisha anaivua na kuifuta kwa ncha ya koti.

"Iko maana," alisema. Ndivyo alivyoanza siku zote. "Jumatatu asubuhi iko ukaguzi ya askari. Ofisa anaangalia juu, kofia. Anaangalia chini, viatu. Halafu anaangalia macho, kama Jumapili ulikunywa. Hii dada anaoga juu ya ukaguzi."

Banda zima likasema aaa. Walimu nao wakasema aaa, na mmoja akaandika kwenye daftari.

Ulikuwepo wimbo mwingine wa dawa ya meno, wa Kilingala, mwanaume analia kwa sauti nyororo huku watoto wanapiga mswaki. Fundi cherehani wetu, Mkongo aliyehamia Koboko na kuoa kwetu, aliinuka kutusaidia. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kwao, kwamba ule mutu anamulilia bibi yake aliyepanda treni akaenda zake, na habari ya meno haiko ndani hata kidogo. Tukamgeukia Mkalimani. Akamshukuru fundi kwa adabu, akasema fundi ametafsiri vizuri sana, ila amesahau kueleza kwa nini bibi alipanda treni. Bibi alikimbia harufu ya mdomo. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakalia. Fundi cherehani alikaa chini, na nilimwona anafikiri, halafu anakubali.

Hata palipokuwa hakuna maneno alitafsiri. Tangazo moja la benki lilikuwa na mzee anayeguna tu kwa pua, mmm, mmm, kama mtu aliyebeba gunia. Mkalimani alisimama akatueleza mguno wa kwanza na mguno wa pili, na tofauti yao.

Alisema alikuwa mkalimani jeshini, kabla serikali haijaanguka na sisi wa huku kukimbia kila mmoja na njia yake, wengine Zaire, wengine Sudan. Aliwafasiria maofisa wa kigeni, lugha tatu. Ni lugha zipi, ilitegemea nani yupo. Fundi cherehani akiwepo, Kifaransa hakikuwemo. Akija mwalimu wa madrasa, Kiarabu nacho kilipata ruhusa kikaenda likizo. Lakini neno moja hakulijua kwa lugha yoyote, nalo ni "sijui." Aliwahi kumkaripia mwalimu mzima wa watu aliyelitamka mbele ya wanafunzi wake. "Sijui ni neno ya raia," alimwambia. Mwalimu akaomba radhi, na hakuwa askari hata siku moja.

Koti lake lilikuwa la jeshi, vifungo vinne, kila kimoja na ukoo wake. Tai alivaa Ijumaa. Chai alikunywa bila sukari akisema sukari huziba masikio, kisha akapewa andazi akalichovya kwenye sukari yangu kama mtoto. Alikuwa na maringo ya mtu mwenye nyumba tatu, na alikaa kwenye chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, unga ukimwangukia kwenye nyusi. Ukimtania kuhusu nyusi alikuwa anasema ni mvi za cheo.

Palikuwa na mambo mawili ambayo sikuyaelewa, na nilidhani ni maringo yale yale. La kwanza ni redio. Mtu aliyeipenda televisheni kiasi kile hakuweza kukaa karibu na redio. Dukani wakifungua habari, anaacha soda nusu anaondoka. Nilipomuuliza alisema redio ni kwa watu wasioamini macho yao, nami nikacheka, nikaona ni jibu zuri. La pili ni makaburi. Kila msiba wa Koboko, wa Mwislamu au wa Mkristo, wa mtu anayemjua au asiyemjua, alifika mapema, akavua lile koti, akalikunja, akachukua jembe. Hakuna aliyemwomba. Vijana walijaribu kumpokea jembe, akawakatalia. Na mkono wake wa kulia haukuwa mzuri. Vidole viwili havikuwa na kucha kabisa, ngozi imefunga tu. Kuhusu hizo kucha alitoa hadithi ya mzinga uliolipuka, na mzinga wenyewe ulibadilika ukubwa kila mwaka.

Safari moja tulikwenda wote Arua kuchagua kanda, juu ya lori la tumbaku. Mwenye duka kule alikuwa na kanda za aina mbili: zenye matangazo, na nyingine alizoziita zilizooshwa, yaani matangazo yameondolewa. Zilizooshwa zilikuwa ghali zaidi na mji mzima ulizigombea. Mkalimani alizisukuma kando kwa kidole kimoja, kama mtu aliyeletewa chakula cha jana. Akaketi kwenye duka la watu toka asubuhi mpaka adhuhuri, anasikiliza matangazo peke yake, miwani usoni, anachagua kanda kwa nyimbo zake, mwenye duka ananikonyeza mimi. Niliona haya mpaka nikatoka nje kununua vitunguu nisivyovihitaji.

Lakini wakati wa kurudi vumbi lilikuwa zito, na yeye alivua koti akazifunga kanda zangu ndani, akazipakata njia nzima, na shati lake likawa rangi ya barabara. Tulipofika karibu na Koboko aliniuliza kama marehemu mume wangu alikuwa mcheshi. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi pole mara mbili." Nilicheka sana. Nikifikiri vizuri, nadhani ni hapo nilipoanza kutafuta jibu la kumpa shangazi.

Basi mfungo ukaingia, na banda likajaa kuliko siku zote. Wafungaji walikuja saa kumi za mchana kupoteza muda mpaka futari, na wasiofunga walikuja kuwaangalia wafungaji. Tukiwa kwenye kumi la mwisho nikaweka kanda mpya. Katikati ya filamu, ngoma ikalia.

Ilikuwa ngoma yetu. Si kufanana, yetu hasa. Halafu sauti za wanawake zikaingia, na zilikuwa zinaimba Kikakwa. Kwenye televisheni. Watu walisimama juu ya mabenchi. Koboko ilikuwa haijawahi kusemwa popote ila kwenye habari za vita, na leo tunaimbwa mjini, na kwenye kioo kuna mama mmoja mnene wa huko mjini, aproni nyeupe, anakaanga mandazi kwa mafuta ya kopo na kutabasamu mpaka magego. Mandazi yanaelea, watu wamefunga, mate yanawatoka. Halafu tukayasikia maneno.

Aliyebeba redio amevuka,
redio inaongea ng'ambo.
Mama amekaa juu ya jiwe,
mama anauliza habari.

Basi. Hapo hapo mwanaume akakatiza, akataja mafuta, akasema ni laini kuliko yote, mama mnene akamwekea mtoto andazi mdomoni, na ikawa imekwisha.

Kwa mara ya kwanza wimbo wa tangazo ulikuwa kwa lugha ambayo kila mtu mle ndani alinyonya nayo, na kwa mara ya kwanza tulihitaji kuelezwa kuliko siku zote. Redio gani? Jiwe gani? Nani kavuka, na mafuta ya kukaangia yanaingilia wapi? Vichwa vyote vikageuka kwa Mkalimani. Hakuwa amevaa miwani. Ilikuwa mkononi.

"Mkalimani, iko maana gani?" mtu akauliza.

"Sijui," akasema.

Watu walidhani anatania. Wengine walianza kucheka kabisa, wakingoja nusu ya pili. Ndipo fundi baiskeli, mtu aliyerudi kutoka upande wa Sudan, akasema kutoka nyuma: "Namna gani hujui? Hiyo si wimbo ya matanga ya mama yako?"

Kwetu mtu akifa, ngoma ya matanga hutungiwa wimbo, na wimbo huo haumpambi mtu. Unasema yanayojulikana. Fundi baiskeli akatueleza, kwa raha zote, kwamba hakukaa ile kambi ya wakimbizi kule Sudan, aliipitia tu, lakini aliukuta unaimbwa na akaonyeshwa mwenyewe kwa kidole. Siku ile ya kukimbia, mtu huyu alifika mto Kaya na mama yake mzee na redio kubwa ya jeshi. Maji yalikuwa yamejaa. Akavuka na redio kichwani. Mama alibaki ng'ambo ya huku, juu ya jiwe.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele taratibu, na kilipofika kwangu nikakipokea. Sijui niwaelezeje. Mtu aliyetuambia kila kitu miaka yote ile, maofisa wa kigeni, ukaguzi wa Jumatatu, mguno wa kwanza na wa pili, kumbe ndiye huyu. Kumbe ndiyo sababu ya kuikimbia redio. Watu wakaanza kupiga kelele nirudishe kanda, waone tena. Nikarudisha. Mama mnene akakaanga tena, wanawake wakaimba tena, na watu wakamwambia Mkalimani, tafsiri basi, tafsiri. Nikarudisha tena. Mtu mmoja alianza kuimba na televisheni. Nikarudisha tena, na tena, huku machozi ya kucheka yananitoka, kidole changu kiko kwenye kile kitufe.

Yeye alisimama pale pale, mikono nyuma. Hakujitetea. Hakumjibu fundi baiskeli. Sisi watoto wa kambini tuliokulia mbali na wazee wetu tukaona ndiyo hivyo, aliyenyamaza amekiri. Kanda ilipoendelea mbele lilikuja tangazo la betri, lenye wimbo wa mtu anayeomba jua lisimwite kwa jina lake la utotoni. Akavaa miwani, akalieleza neno kwa neno kwa sauti yake ile ile, na watu wakalicheka hilo nalo. Halafu akatoka, akampa mkono kijana wa mlangoni.

Shangazi alikuja kesho yake kabla hata sijafungua. Nikampa jibu. Nikasema mwambie sitaki mtu aliyemwacha mama yake mtoni akaokoa redio. Siku tukikimbia tena, mimi na televisheni atabeba nani? Shangazi akaniuliza kama nina hakika hayo ndiyo maneno ya kupeleka. Nikasema ndiyo, yapeleke hivyo hivyo, na kabla ya jua kuzama yalikuwa yamefika sokoni peke yake, watu wananirudishia mimi mwenyewe wakicheka. Nililionea fahari lile jibu. Nililirudia kwa wateja.

Kabla ya Idi Mkalimani hakuwepo Koboko. Chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga kilikuwa kimefagiwa. Na mimi nikabaki na banda langu, na tangazo likianza watu wakatoka kukojoa. Mwaka ule ule nikaanza kununua kanda zilizooshwa.

Ilipita miaka kadhaa. Akafa mama mkwe wa ndugu yangu huko Abuku, nikaenda na kilo zangu za sukari na maharage. Mchana wakapiga ngoma, na mwongoza nyimbo alikuwa bibi mmoja mwembamba, sauti yake kali, aliyekaa kambi za Sudan miaka yote. Katikati akaushika ule wimbo. Aliyebeba redio amevuka. Mwili wangu ulijua kabla ya kichwa. Nilikuwa tayari kucheka, mdomo umeshaanza. Mama amekaa juu ya jiwe, mama anauliza habari. Hapo ndipo masikio yangu yalipomngoja yule mwanaume wa mafuta. Hakuja. Bibi akavuta pumzi, wanawake wakajibu, na wimbo ukaendelea.

Redio ameitupa majini,
amerudi na mikono mitupu.
Udongo wa mto anaujua,
kucha zake zimebaki kwa mama.

Nilikaa chini, kwenye vumbi, na nguo yangu nzuri.

Baadaye nilimfuata bibi akiwa anakunywa maji, nikamwambia wimbo huu niliusikia kwenye televisheni. Akasema anajua. Walipelekwa mjini kwenye sherehe, wanawake kumi na mbili, wakaambiwa waimbe kilicho kizuri, wakaimba huo kwa sababu una ngoma nzuri. Wenye mashine wakaunasa wote, toka mwanzo mpaka mwisho. Wakawapa kopo moja moja la mafuta. Nikamwuliza kwa nini basi kule kwenye televisheni uliishia nusu. Akanitazama kama ninavyowatazama wanaouliza jenereta inakula nini. "Mandazi iliiva," akasema.

Nilimwuliza na lile lililokuwa limenikaa kooni. Mbona mwenyewe hakusema? Watu walimcheka mbele yake, alikuwa na mdomo, angesema tu, jamani wimbo una nusu nyingine. Bibi akashangaa kwamba mimi, mwanamke mzima wa Kikakwa, naulizia hilo. Wimbo wa matanga hauelezwi na anayesemwa ndani yake. Akiukana, au akiumalizia, ni sawa na kumnyang'anya marehemu neno mdomoni. Anayesemwa husimama akanyamaza, na wenye kuimba ndio wa kuufikisha mwisho. Huyo bwana alivuka na mzigo kwanza ili amrudie mama na mikono miwili, akasema bibi; kila mtu alivuka hivyo, mizigo kwanza. Alipogeuka, risasi zilikuwa zimeanza upande wa huku. Aliitupa redio akarudi kwenye risasi, akamkuta mama amekwisha kufa. Jembe hakuwa nalo.

Mkalimani nilimkuta Oraba, mpakani. Sikwenda kumtafuta, nisijipambe. Nilikwenda kwa mzigo wangu wa vitenge uliokwama forodhani, na wakala akaniambia nikamwone mzee anayefasiri kati ya madereva na maofisa wa ng'ambo, yuko mkahawani. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka nje ya mji, wabadilisha fedha wanapunga noti, na mle ndani ya mkahawa, chini ya televisheni iliyofungwa juu ya ukuta, alikuwa ameketi. Koti lile lile. Kifungo cha tano kilikuwa kimeongezeka.

Akasimama akanipa mkono. Akaniuliza habari za shangazi, nikamwambia amefariki, akasema pole na akauliza nani alichimba. Mwanamke mpole mwenye mkahawa akaweka chai mbele yake bila sukari, akaweka na andazi, na kisahani cha sukari pembeni, bila kuulizwa. Ndivyo nilivyojua kwamba ana mke.

Neno langu nilikuwa nimelitayarisha tangu Abuku, miaka, na bado lilitoka vibaya. "Nimesikia nusu ya pili," nikasema.

Alikuwa anachovya andazi. "Nani aliimba?"

Nikamtaja bibi wa Abuku.

"Iko sauti nzuri, yule mama," akasema. "Ya kwanza inakuwa chini kidogo, halafu anapandisha."

Nikamwambia mimi ndiye niliyerudisha kanda. Nikamwambia nilirudisha mara nne, na kila mara nacheka, na jibu nililompa shangazi nalijua neno kwa neno mpaka leo. Sikulia, sipendi watu wanaolia ili wasamehewe haraka. Nilimtazama tu, nikangoja aseme lolote analotaka kusema.

Alivua miwani, ambayo hata sikuwa nimeona kwamba ameivaa, akaifuta kwa ncha ya koti.

"Mara tano," akasema. "Ile ya kwanza ulirudisha watu bado hawajaomba."

Nilirudi nyuma kichwani mwangu, nikaitafuta. Ni kweli. Kelele zilikuja baadaye. Kabla ya kelele, kicheko kiliponifikia, kidole changu kilikuwa kimekwisha kubonyeza. Miaka yote nilikuwa nimeihifadhi ile siku ikiwa imekatwa mahali paliponifaa.

Alinisogezea kisahani cha sukari. Juu ukutani mechi ya mpira ilikatika, likaja tangazo la mabati, na wimbo wake ukasema: mimi ni ngazi yako, usinipande kwa viatu vya jana. Madereva wakaacha kula. Mmoja akageuza kiti chake chote, akasema, "Mzee, hapa wanasema nini?"

Mkalimani akasimama, akavaa miwani, akaweka mikono nyuma. "Iko maana," akasema.

Akaeleza ngazi, akaeleza viatu, akaeleza kwa nini ni vya jana na si vya leo. Hakuna hata neno moja lililokuwa kweli. Mzigo wangu ulikuwa unaningoja forodhani, na mimi nikakaa nikamsikiliza mpaka mwisho.